WAFINYANZI WAPATE WAPI UDONGO?

Juma lililopita tulikuwa na mkutano katika kijiji kimoja cha wilaya yetu. Hotuba zilipokwisha alisimama mama mmoja wa makamo akatuuliza, "Ninyi wanangu wa Chama mwasema tujitegemee. Sisi wafinyanzi tujitegemee kwa udongo gani?" Shimo walilochimba tangu zama za bibi zao sasa limo ndani ya seng'enge ya mtu aliyegawiwa shamba bondeni, na mlinzi huwafukuza. Hatukuwa na jibu. Tulipiga makofi, tukapanda gari tukaenda zetu. Twaona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wapo watakaocheka wakisema, udongo ni udongo, wachimbe pengine. Hao hawajapata kufinyanga hata kikombe. Udongo mweusi wa mbugani hunata vizuri mkononi, lakini ukikauka hunywea na kupasuka. Wenye mchanga mwingi haupasuki, ila haukubali kukunjwa. Na ule wenye vijiwe vya chokaa ni adui wa siri. Chungu hutoka motoni kizima, kisha baada ya siku kadhaa vile vijiwe hunyonya unyevu, huvimba na kubandua ubavu wa chungu. Kufikia hapo kimekwisha kununuliwa, na mfinyanzi huitwa tapeli.

Kukosa udongo si aibu ya maskini peke yao. Wazungu walinunua sahani nyeupe za Uchina miaka mingi bila kujua siri yake, na kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710 tu. Waingereza nao walifika mahali pa kuchoma mifupa ya ng'ombe na kuchanganya majivu yake na udongo, karibu nusu kwa nusu, na vyombo hivyo wanatuuzia kwa bei kubwa. Sisi tunao udongo mweupe wa jamii hiyo Pugu, karibu na Dar es Salaam. Lakini tusimdanganye yule mama. Udongo wa Pugu peke yake haunati vya kutosha, tena wataka tanuri kali, na moto wake wa kuni na nyasi haufiki huko.

Dawa iliyo karibu naye ni magae. Vyungu vilivyovunjika vitwangwe kinuni, vichekechwe, na unga wake uchanganywe na udongo unaonata mno. Aanze na sehemu moja ya magae kwa sehemu nne za udongo, kisha aongeze au apunguze. Udongo wa kichuguu nao ujaribiwe, kwani mchwa hubeba chembe ndogo ndogo. Kipimo ni rahisi: tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10, kianikwe kivulini. Mstari ukipungua hata kufika 9 au chini yake, ongeza magae.

Lakini ni nani atakayelipa gharama ya kujaribu? Tanuru moja likiharibika, mama huyu amepoteza kuni na kazi ya majuma mawili, na watoto wangoja ada ya daftari. Twasema matawi yetu yanunue kuni za majaribio matatu ya kwanza. Fedha za kukodi vipaza sauti hupatikana kila mara. Na hizi zitapatikana.

Tena magae yasiwe kisingizio cha kulisahau shimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya wote, halmashauri ikipendekeza na mkutano mkuu wa kijiji ukikubali. Malisho hutengwa hivyo, makaburi pia. Mashimo ya udongo mara nyingi hayatajwi, kwa sababu wanaochimba ni akina mama na wanaoandika orodha ni wanaume. Kwa shimo lililokwisha kuzungushiwa seng'enge, twamtaka mwenyekiti wa kijiji kile awaeleze wananchi shamba lilipimwaje, nani aliulizwa, na kwa nini njia ya kwendea shimoni haikuachwa.

Mkutano mkuu ujao tutahudhuria. Safari hii hatutahutubu. Tutakaa chini na wafinyanzi mpaka suala la shimo lifikiwe.