HEWA YA ZIWA SI HEWA YA MALILI



Katika mkutano wa mwezi ujao tawi letu litaombwa kupiga kura juu ya fedha. Wenzetu wa Kisumu, ambao baadhi yetu tumeweka hisa pamoja nao katika mashua ya mizigo, wametuandikia barua wakitaka tuongeze mchango ili wanunue filta ya hewa ya namna mpya, ile ambayo wauzaji huiita filta ya nguvu. Mwuzaji amewaambia kwamba wakiifunga, mashua itakwenda mbio zaidi na dizeli itapungua. Tena amesema filta ya namna hiyo hiyo yafaa kwa injini yetu ya kuvuta maji hapa Malili, na tukinunua mbili atatupunguzia bei. Tumeisoma barua, tumewauliza mafundi, na maoni yetu ni kwamba kwa sasa tusitoe hata senti moja.

Mgeni atashangaa kusikia kwamba watu wa Malili, ambao maji mengi tunayoyajua ni yale ya ndani ya tangi, tuna mashua. Mtu wa reli hatashangaa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikwenda kukutana na meli, na kwa miaka mingi baharia wa ziwa na fundi wa garimoshi walikuwa na mwajiri mmoja, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Meli za miaka ya 1960, yaani Umoja na Uhuru, zilibeba mabehewa ya mizigo na magurudumu yake. Kwa hiyo mambo ya injini ya mashua si ya watu wengine.

Na tuanze na kazi ya filta yenyewe. Injini hupumua. Injini ya dizeli ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta hewa lita 3,000 hivi kila dakika, maana kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Katika hewa hiyo mna chochote kilichopo mahali pale, kiwe vumbi, chumvi, wadudu au manyunyu ya maji. Filta yatakiwa kuzuia uchafu huo bila kuibana pumzi ya injini, na mambo hayo mawili yapingana siku zote. Filta ya kawaida ni ya karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Huzuia vumbi jembamba sana, lakini ikilowa maji huvimba na kubana. Ile ya nguvu ni kitambaa cha pamba kilichotiwa mafuta, kimewekwa kati ya nyavu za waya, na mara nyingi ina umbo la pia. Hupitisha hewa kwa wepesi, huoshwa na kutumiwa tena, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya karatasi. Kitu chenyewe ni cha kweli. Twagombana na maneno yanayosemwa juu yake.

Katika injini ya dizeli ambayo haikubadilishwa, nguvu hupimwa na pampu ya mafuta. Ukiipa hewa zaidi bila kuipa dizeli zaidi, hupati nguvu mpya ya maana, isipokuwa kama ilikuwa imenyimwa hewa tangu zamani. Dalili ya kunyimwa hewa ni moshi mweusi. Wenzetu wa Kisumu wameandika kwamba mashua yao yatoa moshi mweusi inapopakiwa, na mwuzaji akadakia hapo hapo.

Lakini moshi mweusi una wazazi wengi. Filta kuukuu iliyojaa uchafu ni mmoja wao, na dawa yake ni filta mpya ya karatasi. Nozeli za dizeli zilizochoka ni mwingine. Tumbo la mashua likiota majani na utelezi, injini huvuta mzigo usioonekana. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeliandika katika barua ile. Injini hii ilinunuliwa Mombasa pamoja na rafadha yake, nayo haina turbo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Ikiwa rafadha ni ile ile kubwa ya pwani, injini haifikii mizunguko yake, hupewa dizeli isiyoweza kuungua yote, na moshi hutoka. Filta ya pamba haiwezi kulishusha ziwa mpaka pwani. Rafadha yenye mpindo mdogo zaidi yaweza kusaidia.

Kuna na joto. Injini ya mashua imefungwa ndani ya sanduku la mbao, nayo huvuta hewa ya humo humo. Hewa ikipata joto hupanuka, na kila digrii 10 za sentigredi hupunguza uzito wake kwa asilimia 3 hivi. Ile filta ya umbo la pia ikiwekwa ndani ya sanduku lile lile itavuta hewa ile ile ya moto. Fundi mmoja mzee wa karakana alitueleza jaribio lisilo na gharama. Mashua iende kasi yote katika maji matulivu ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mmoja aangalie saa ya mizunguko, na mwingine afungue kifuniko cha sanduku, akiweka mikono na nguo mbali na mikanda. Mizunguko ikipanda na moshi ukipungua, basi matundu ya hewa ni madogo, na seremala mwenye msumeno atamaliza kazi kwa asubuhi moja. Kisha ifungwe filta mpya ya karatasi, safari ile ile ipimwe tena, na lita za dizeli ziandikwe katika daftari. Twaomba namba hizo zisomwe mkutanoni. Mwuzaji hakuleta namba yo yote ya mashua yetu.

Hatusemi filta ya kuoshwa ni mbaya ziwani. Katikati ya ziwa vumbi ni kidogo, manyunyu ni mengi, na pamba au sponji yavumilia maji kuliko karatasi. Zile injini za petroli zinazotundikwa nyuma ya mashua za wavuvi, nyingi hazina filta ya hewa kabisa, na hufanya kazi miaka. Adui wa ziwani ni maji ya kurushwa na wimbi, na wale wadudu wadogo ambao hupanda juu ya maji kwa makundi mpaka mtu hudhani ni moshi. Hao waweza kuziba filta kwa jioni moja. Basi ikiwa baada ya majaribio fundi wa mashua atasema anataka filta ya kuoshwa yenye kifuniko cha kuzuia maji, kwa sababu anachoka kutupa za karatasi zilizolowa, hiyo ni hoja ya mtu wa kazi nasi tutamsikiliza. Hata hivyo asiimwagie mafuta kupita kiasi baada ya kuiosha, maana yatavutwa ndani.

Hapa yafaa tutoe onyo kwa mwanachama ye yote mwenye mashua ya injini ya petroli iliyofungwa ndani ya chombo. Pale kwenye mdomo wa kuvutia hewa huwa pana wavu wa chuma wa kuzuia moto. Injini ikikohoa, ule mwali husimama kwenye wavu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini kwenye ngama, na cheche moja yatosha. Marekani, sheria imeuamuru wavu huo kwa injini za namna hii zilizofungwa tangu Aprili 1940. Kuung'oa ili uweke filta ya pamba isiyofanyiwa kazi hiyo ni kuwachezea watu roho zao.

Sasa turudi nyumbani. Hewa ya Malili ni kinyume cha hewa ya ziwa. Tangu mvua za masika zikatike mpaka zile za Oktoba na Novemba, malori ya barabara ya Mombasa na ya ujenzi wa Konza hutupa vumbi mchana kutwa. Injini yetu ya maji imesimama katikati ya vumbi hilo. Hapa filta inayosifiwa kwa kupitisha hewa kwa wepesi ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa panapopita hewa kwa wepesi mara nyingi hata vumbi jembamba hupata njia. Likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, hula ringi na silinda, na baada ya miezi michache injini hunywa oili na haina nguvu. Injini yetu yataka filta ya karatasi, na mbele yake kile kikombe cha kuzungusha hewa ambacho hutupa vumbi kubwa kabla halijafika. Tena tuache tabia ya kuigongagonga filta juu ya jiwe, kwani karatasi hupasuka tusione. Zile filta za zamani za bakuli la oili, ambazo wengi wetu tumeziona kwenye vinu vya posho, zafaa hapa kwa kuwa injini imesimama wima. Wenzetu wa Kisumu wasidanganyike kuichukua moja, maana mashua ikilala kwa wimbi ile oili yaweza kuvutwa ndani ya injini ya dizeli, nayo ikazunguka bila kizuizi.

Na kwa kuwa tunasema habari za vumbi, tuseme jingine. Wamo wanachama wetu wanaofanya kazi ya kokoto na mataruma kwenye njia. Vumbi la mawe huwa na silika, ambayo huyaharibu mapafu pole pole, na pafu halinunuliwi dukani. Mahali pamoja tunapopajua, mashine hubadilishiwa filta kwa tarehe, na watu wanaoiendesha hawajapewa barakoa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanya kazi. Katibu amekwisha andika barua mara mbili.

Lililotuudhi zaidi katika barua ya Kisumu ni jina lisilokuwamo. Wamesaini mwenyekiti, mweka hazina na wajumbe wawili. Fundi wa mashua, anayeshika spana kila alfajiri na ambaye injini ikizimika katikati ya dhoruba ndiye atakayeinama gizani kuiwasha, hakuulizwa. Sisi ambao kila siku twalalamika kwamba wakubwa hununua mitambo bila kumwuliza anayeitumia, hatuwezi kufanya vivyo hivyo katika shirika letu wenyewe.

Kwa hiyo tutaleta azimio kwamba fedha za mchango zisitolewe mpaka tumbo la mashua lisuguliwe, rafadha ipimwe, matundu yakaguliwe, na fundi aandike maoni yake kwa mkono wake. Ikiwa fedha zitabaki, tutapendekeza zinunue jaketi za kuokolea maisha, kwa sababu barua ile ile yasema watu wa mashua ni sita na jaketi ni tatu.

Mwenye maoni mengine ampe katibu wa tawi kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, yapate kusomwa mkutanoni pamoja na haya yetu.