Kwapa la Koti

Mtu aendapo kwa fundi kushonewa koti, mara nyingi husema, "Nikatie kwapa pana, nisije nikabanwa." Fundi hukubali, nalo koti likiisha kushonwa huonekana zuri maadamu mwenyewe amesimama wima. Lakini ainuapo mkono kuchukua faili juu ya rafu, au kumpungia mtu aliye mbali, koti zima hupanda, ukosi huachana na shingo, na vifungo huvutana tumboni. Hapo humlaumu fundi, kumbe kosa limo katika agizo lake mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Kwapa likikatwa chini sana, mkono wa koti huungana na ubavu mbali na kwapa la mtu, hata mkono ukiinuka huuvuta ubavu wote. Likikatwa juu, mkono huinuka peke yake, nalo koti hutulia mahali pake. Kwa hiyo kwapa dogo ndilo limpalo mtu nafasi.

Mafundi wa zamani wa London walilijua sana jambo hili. Mmoja wao alikuwa Frederick Scholte, Mholanzi, ambaye tangu mwaka 1919 alimshonea makoti Edward, yule aliyekuwa Mfalme wa Uingereza mwaka 1936. Scholte alisifika kwa kukata kwapa dogo lililo juu, na kuacha kitambaa cha ziada kifuani na mgongoni, karibu na mikono. Mabegani alitia pamba kidogo tu.

Koti la namna hiyo lina kazi nyingi isiyoonekana. Kwanza, fundi hutia ndani ya kifua kitambaa kigumu chenye nywele za farasi. Kisha huuzungushia ukingo wa kwapa mishono midogo ya mkono, ili usitanuke. Mkono wa koti hukatwa mpana kupita kwapa kwa inchi 1½ au zaidi. Ziada hiyo hukusanywa kwa uzi, ikapigwa pasi ya mvuke mpaka ikanywea bila kuacha mikunjo. Pamba ya begani hupangwa tabaka kwa tabaka, ikipungua kuelekea shingoni. Mwisho, juu ya mkono, kwa ndani, hushonwa ukanda mwembamba wa pamba, ili mkono uteremke vizuri kutoka begani.

Basi anunuaye koti la mitumba na alijaribu hivi: alifunge kifungo, ainue mkono mpaka usawa wa bega, atazame ukosi. Ukitulia shingoni, koti limekatwa vema. Ukiondoka, asidhani kwamba fundi mwingine atalitengeneza kwa urahisi. Naye aagizaye jipya na aombe kwapa dogo, alijaribu koti lingali limepigwa bandi. Kwapa dogo laweza kuongezwa kwa mkasi, lakini kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.