Je, kula GMO ni dhambi?



Wiki hii swali moja limenijia kuliko yote, kutoka Makongeni na Kiandutu hadi kwa wapendwa wetu wa Ruiru kule Kimbo: "Pasta, hii GMO ni chakula ama ni alama ya mnyama?" Mama mmoja alisikia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp usiku, na asubuhi akamwaga paketi mbili za unga. Mama huyo hulipa kodi ya nyumba kwa kufulia watu nguo. Watoto wake walikunywa chai ya rangi siku hiyo wakaenda shule. Ndiyo maana ninaandika.

Kwanza tujue tunaongea kuhusu nini. Kuku wa broila si GMO. Ile nyanya kubwa unayonunua kwa mama mboga si GMO. Avokado ya kupandikizwa si GMO. Mahindi ya haibridi si GMO. Wazee wetu wamepanda haibridi za Kitale tangu 1964, na hizo ni mahindi yaliyochavushwa na mahindi mengine. GMO ni pale wataalamu wa maabara wanachukua jeni ya kiumbe kimoja na kuiweka ndani ya kingine. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yamewekewa jeni ya bakteria anayeishi kwenye udongo. Jeni hiyo inatengeneza protini inayoharibu utumbo wa kiwavi anapotafuna bua. Tumbo la mwanadamu halina mahali pa protini hiyo kushika, inasagwa kama protini nyingine. Wakulima wasiotaka kemikali wamekuwa wakinyunyizia mboga bakteria huyo huyo kwa miaka mingi.

Sasa, Maandiko. Ndugu mmoja alinitumia Walawi 19:19, pale Israeli wanakatazwa kupanda mbegu za namna mbili shambani. Asante ndugu, lakini soma mstari mpaka mwisho. Mstari huo huo unakataza vazi la nyuzi za namna mbili, na suti yako ya Jumapili ni pamba na polyesta. Unakataza pia kuzalisha mifugo ya namna mbili, na bado 1 Wafalme 1 inatuambia Daudi aliagiza Sulemani apandishwe juu ya nyumbu wake mwenyewe aende kutiwa mafuta. Nyumbu wa Biblia si wale wa Maasai Mara! Ni mtoto wa punda na farasi. Mfalme aliingia kwenye ufalme akiwa amepanda mnyama wa mchanganyiko, na Mungu hakumkataa. Amri ile iliwafundisha Israeli kuwa watu waliotengwa. Ukiitumia kuhukumu unga, itumie pia kuhukumu kabati lako la nguo.

Alama ya mnyama nayo, Ufunuo 13 unaiunganisha na kuabudu. Inahusu unayemsujudia. Hakuna mtu atakayemkana Kristo kwa bahati mbaya kwa sababu ya ugali. Paulo aliwaambia Wakorintho wale kilichouzwa sokoni bila kuchunguza-chunguza kwa ajili ya dhamiri, na nyama ya soko lile ingeweza kuwa imetolewa kwa sanamu. Na kama dhamiri yako bado inakataa, usile. Warumi 14 inakulinda. Lakini pia inakukataza kumdharau anayekula.

Hofu hii ilitoka wapi? Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa walitoa picha za panya wenye uvimbe mkubwa waliolishwa mahindi ya GMO. Novemba mwaka huo serikali ya Rais Kibaki ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO nchini. Ambacho hukuambiwa ni kwamba panya wale ni wa aina inayopata uvimbe kwa urahisi wakizeeka, walikuwa kumi tu katika kila kundi, na jarida lililochapisha utafiti huo likauondoa Novemba 2013. Picha zile bado zinazunguka kwenye simu zetu. Kumi na amri nazo hazikuondolewa. Kumshuhudia mtu uongo ni dhambi, na sioni kwa nini iwe halali ukibonyeza kitufe cha kutuma kwa kikundi cha kesha.

Tarehe 3 Oktoba 2022, wakati wa ukame mbaya kuliko wote kwa miaka arobaini, baraza la mawaziri la Rais Ruto liliondoa marufuku. Kesi zikaenda kortini. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupilia mbali kesi ya chama cha mawakili. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha mambo tena mpaka rufaa ya wakulima wadogo isikizwe. Zao la GMO ambalo mkulima wa Kenya ameruhusiwa kupanda kwa biashara ni pamba, tangu mwisho wa 2019. Hiyo hasa huvaliwa.

Msinielewe vibaya, sisemi serikali ipigiwe makofi. Novemba 2022 waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, mtu wa kaunti yetu hii ya Kiambu, alisema kwamba kuwa Kenya tayari kunakufanya mgombea wa kifo, kwa hivyo si vibaya GMO iongezwe kwenye orodha. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mchungaji anayezika watu hacheki maneno kama hayo. Mama anauliza kama chakula ni salama, anajibiwa kwa mzaha wa kaburi, halafu tunashangaa kwa nini anaamini sauti ya WhatsApp?

Maswali yenye uzito kwangu ni mengine. Mbegu ni ya nani? Shosho aliyezoea kuweka mahindi bora juu ya moshi wa jikoni apande msimu ujao, atanunua mbegu kila mwaka kwa bei ya nani? Na lebo je? Kanuni za Kenya za 2012 zinataka chakula chenye GMO zaidi ya asilimia moja kiandikwe hivyo. Vizuri. Lakini unga unaopimiwa gorogoro sokoni utaandikwa wapi? Uliza mbunge wako hayo. Yusufu aliweka nafaka ya Misri kwa mpango.

Na kuna sumu ambayo haingojei korti. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu. Watafiti walipima mahindi ya sokoni Makueni, Kitui, Machakos na hapa Thika, na zaidi ya nusu yalikuwa yamepita kiwango kinachoruhusiwa. Yalikuwa mahindi ya kawaida, yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Hakuna aliyenitumia ujumbe wa sauti kuhusu hayo.

Kwa hivyo, wewe uliyevuna: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, uache yatulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani, na uyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kanisa lina turubai mbili, ziko kwa mzee wa kanisa. Aliye na gunia ambalo halijakauka aje Jumamosi asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na vijana wa kwaya watasaidia kubeba. Yule mama wa paketi mbili ameshapata unga.

Pasta wenu.