Mapafu hayauzoei moshi
BARAZA LA JUMATANO
Na Mwanaidi Kibwana

Juzi asubuhi nilipita kwa mama ntilie wangu wa stendi. Kuni zilikuwa mbichi. Anapuliza, anapepea kwa mfuniko wa ndoo, machozi yanamtiririka. Nikamwambia, "Mama, moshi huu utakumaliza." Akacheka huku akikohoa: "Mwanangu, mapafu yangu yameshauzoea."

Mapafu hayauzoei moshi, hupigana nao. Chembe zake laini zikishuka hadi kwenye vifuko vya hewa, hukutana na makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu. Zikielemewa, hupiga mbiu kwa kemikali, na mahali pale huvimba kama kidonda kilichotoneshwa. Mbiu ya siku moja hutuponya. Ya miaka ishirini hutugeukia.

Mwaka 2023, watafiti wa Taasisi ya Francis Crick ya London walieleza jinsi inavyotugeukia. Hata katika mapafu yasiyo na saratani walikuta seli chache zenye kasoro za kijeni, zimelala tu. Hewa chafu iliyaita makrofaji, nayo yakamwaga interlukini-1 beta, kemikali ya kuamsha uvimbe. Seli zilizolala zikaamka. Kemikali hiyo ilipozuiwa kwa panya, saratani ilipungua.

Utafiti ule haukuhusu kuni. Lakini moshi wa kuni nao umejaa chembe laini za aina hiyo, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka, ukiwa ndani ya nyumba, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Saratani ikishaota, huweza kujivika protini ya PD-L1 inayoziambia seli T, askari wa kinga, zitulie. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel ya 2018 kwa kugundua jinsi ya kuwafungulia askari hao breki. Dawa zipo, ila bei yake si ya mfuko wa mama ntilie. Kinga yake ianzie mafigani.

Mkakati wetu wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Tunausifu kwa ajili ya misitu. Tuuhesabu na kwa mapafu. Na ruzuku isiishie kwenye mtungi wa kwanza wa gesi.

Maana mama yangu wa stendi anao mtungi, wa kilo 6. Uko chini ya meza, mtupu, umebeba beseni la vyombo. "Huu nilipewa," aliniambia. "Wa kuujaza ndiye sijamwona."