Asili ya Mtu: Funzo la Siti binti Saad

Mama zangu na dada zangu, hapa Ziwa la Ng'ombe posa ikija, swali moja hutangulia dini na tabia: "Ni wa ukoo gani?" Leo natumtazame mwanamke ambaye swali hilo lingemfungia kila mlango.

Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo miaka ya 1880, katika jamaa waliokuwa watumwa, akapewa jina Mtumwa binti Saad. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alibeba vyungu hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyowasimamisha wapita njia. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mwanamuziki mmoja wa Ikhwani Safaa akamfunza uimbaji. Watu walimkejeli kwa kaniki aliyoivaa na kwa sura yake. Naye akawajibu kwamba sifa ya mtu i katika akili, si katika uso.

Wakati huo taarabu ilikuwa ya kasri na ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, ikaingia nyumba za wanyonge. Machi 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakarekodi santuri za His Master's Voice zilizosikika pwani yote. Hakuimba mapenzi pekee. Katika wimbo wa Kijiti alilalamikia mwanamke aliyeuawa, na muuaji akatorokea Bara.

Zama zizo hizo, Misri ilikuwa na Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijiji, aliyesomeshwa Qur'ani chuoni tangu utotoni. Redio ya Cairo ilipofunguliwa mwaka 1934 sauti yake ikaenea, na mwaka 1936 ikaonekana filamu yake ya kwanza, Widad. Huyu alifunguliwa mlango wa elimu na baba yake. Siti hakuwa na wa kumfungulia, akaitafuta elimu ukubwani.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya nyimbo na ala, na hiyo si mada yetu leo. Mada yetu ni Mtumwa wa Fumba, ambaye alipofariki Julai 1950 alikuwa akiitwa Siti, yaani bibi mtukufu, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Mtaa wetu umekusanya watu wa kila pembe. Suratul Hujurat yatufunza kuwa mbora wetu mbele ya Mola ni mchaji zaidi. Basi posa ikija, mama, uliza kwanza swala ya mtu, amana yake na ulimi wake. Na yule binti auzaye mahamri njiani, mpelekeni chuoni pamoja na wenu, kwani hamjui Mwenyezi Mungu amemtilia nini kifuani.

Wabillahi tawfiq.