Jicho Kwanza, Simu Baadaye

Siku hizi vijana wa Goma wenye simu hupiga picha nyingi kwa juma moja kuliko wazazi wao walizopigwa maisha yao yote. Hatuoni ubaya. Twauliza tu: katika picha hizo, ni ngapi walizoziona kwanza kwa macho yao wenyewe?

Mji wetu umepigwa picha sana na wageni. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, ulimwengu uliuona moto wetu. Uliona pia vita na kambi za wakimbizi. Picha hizo si za uongo, lakini mama auzaye sambaza kando ya ziwa hakuwamo, ama aliwekwamo akilia. Pamela Tulizo, mpiga picha wa hapa Goma, alilitambua jambo hilo. Katika kazi yake iitwayo Double Identité aliweka sura mbili za mwanamke wa Kivu: ile waionayo walimwengu, na ile aionayo mwenyewe. Mwaka 2020 akapata tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana.

Basi, kijana, tuseme wataka kupiga chukudu yenye mzigo. Wapendezwa na nini hasa? Ni gurudumu la mti, ama bega la msukumaji? Chagua moja, mengine yaache nje. Usikuze picha kwa vidole viwili, maana katika simu nyingi huko ni kuikata tu. Sogea kwa miguu yako. Tena ujihadhari na ardhi yetu. Simu hujipimia mwanga, nayo ikikuta mawe meusi ya volkano yamejaa, hudhani pana giza. Huongeza mwanga, na mawe yawa kama majivu ya jikoni. Gusa kioo, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka jiwe lirudie weusi wake. Adhuhuri ipishe, kwani sisi tu karibu na ikweta: jua hutusimama utosini na macho ya mtu huzama kivulini. Afadhali kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. (Programu za kuchubua ngozi za watu pichani hazitupendezi hata kidogo.)

Na yule mwenye chukudu si mti wala jiwe. Mwamkie, umwambie wataka kuonyesha nini, umwombe ruhusa. Akikataa, simu irudi mfukoni. Akikubali, mwonyeshe picha kabla hajashika tena njia.