Wabaya Wadogo

Katika ngano tunazowasimulia watoto jioni, zimwi kuu halitembei peke yake. Lina watumishi: mmoja hubeba gunia, wa pili hulinda mlango, wa tatu huchochea moto chini ya chungu. Hawapewi majina, na hadithi ikiisha twawasahau. Twaliogopa zimwi tu.

Lakini nchi yetu ya Maniema yatufundisha kuwatazama vizuri hao wadogo.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, si mbali na Kasongo, walikusanyika watu wapata 1500, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwapo. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miezi mingi Kabambare, akiugua vidonda vya miguu. Aliona watu watatu wenye bunduki wakiingia sokoni, watu wa mfanyabiashara Dugumbe. Mmoja akabishania bei ya kuku. Mara bunduki zikalia. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, wengine wakajitupa majini, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Ng'ambo, vijiji vikateketezwa kwa moto.

Livingstone hakuwa na karatasi tena. Akaandika mambo yake juu ya gazeti kuukuu kwa maji ya matunda. Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza mwaka 1872, iliwachoma watu mioyo, ikasaidia kuleta mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Jina la Dugumbe limo vitabuni. Wengi wa wale waliofyatua bunduki huitwa tu «watu wake». Hata hivyo kila risasi ilitoka katika mkono wa mtu, na mkono ule ungaliweza kushushwa. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Bwana mwovu asiye na watumishi ni mtu mwenye hasira tu, amekaa barazani kwake.

Wabaya wadogo hupenda kujitetea wakisema: «Nilitumwa, mjumbe hauawi.» Methali hiyo ni ya mwenye kuleta habari, si ya mwenye kuleta mauti.

Basi, enyi wazazi, mkisimulia habari za zimwi, msiishie kwenye kifo chake. Waulizeni watoto: «Na yule aliyechochea moto, je?» Waacheni wafikiri, kisha wajibu wenyewe.